Nairobi, Kampala, Nabugoye: safari ya kuifuata Jumamosi

Nimesharudi, nguo zimefuliwa, risiti zimetandazwa mezani na picha za simu nimezipanga kwa siku zake. Safari yote ilikuwa ya nchi kavu: Nairobi hadi Kampala kwa basi, Kampala hadi Mbale na kilima cha Nabugoye kilicho jirani yake, kisha nyumbani kupitia mpaka wa Malaba. Nilikwenda kumtembelea rafiki yangu, msichana Myahudi wa Uganda anayeshika mahesabu kwenye duka la jumla la dawa mjini Kampala. Tulijuana Nairobi kwenye mafunzo ya kazi, tukakaa dawati moja, na tangu hapo tunaitana dada. Ameniruhusu niandike maisha yake na maoni yake kwa sharti moja: jina lake na mtaa wake visionekane. Basi humu yeye ni mwenyeji wangu.

Jumapili usiku: Nairobi hadi Malaba

Basi lilipangwa kuondoka saa mbili usiku, likaondoka saa nne kasoro robo. Nauli ilikuwa shilingi 3,000. Nilikuwa na begi moja la nguo na mfuko wa zawadi kutoka kwa mama Mombasa: karafuu, iliki na kahawa ya tangawizi. Nakuru na Eldoret tulizipita nikiwa usingizini.

Jumatatu: Malaba hadi Kampala

Alfajiri tukashuka mpakani kwenye baridi. Malori yalikuwa yamepangana nyuma yetu hadi macho yanapoishia, na madereva wengine walikuwa wanapiga mswaki kando ya magurudumu. Mzee mmoja wa Busia aliyekaa nyuma yangu aliona nimesahaulika kwenye msururu na wasafiri wa basi jingine, akanivuta kwa mkono wa begi: "Binti, huku, basi letu linaitwa huku." Kama si yeye ningeachwa.

Kwa wanaokwenda: Mkenya anaweza kuvuka kwa kitambulisho cha taifa, ila pasipoti inarahisisha kusajili laini ya simu. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano iwe mkononi, si kwenye begi lililofungiwa buti la basi. Pesa badilisha kidogo tu mpakani, ya chai na boda; mjini Kampala bei ni nzuri zaidi. Mimi nilipata kama shilingi 28 za Uganda kwa moja ya Kenya.

Baada ya Jinja na daraja la Mto Naili tukaingia msitu wa Mabira, kisha Namawojjolo, pale ambapo basi halijasimama vizuri na tayari mishikaki imeshaingia dirishani. Nilinunua gonja mbili, ndizi tamu zilizochomwa, na paja la kuku. Jirani yangu wa kiti, mama wa Kimasaba aliyekuwa anampelekea bintiye nguo za mtoto, hakukubali nile peke yangu bila karanga zake.

Kampala niliingia saa nane mchana. Taksi niliyopanda kwenda kwa mwenyeji wangu (huku taksi ndiyo matatu yetu) ilikuwa na bendera ya Israel imebandikwa kwenye kioo cha mbele, na kondakta alikuwa anasikiliza mahubiri ya redio kuhusu Yerusalemu. Jioni nilimsimulia mwenyeji wangu. Akaniambia huliona gari kama hilo karibu kila siku aendapo kazini. "Wanatupenda sana wale wa kwenye Biblia," alisema. "Lakini nikimwambia abiria mwenzangu kwamba mimi ni Myahudi, ananiuliza nimeokoka lini. Hajawahi kufikiri kwamba Myahudi anaweza kushuka kituo kimoja naye akaenda kununua mkaa."

Anaishi kwenye muzigo, chumba cha kupanga chenye sehemu ya kupikia na choo ndani, kwa shilingi 350,000 kwa mwezi. Mwenye nyumba ni Hajati. Ndiyo sababu alipachagua: mwenye nyumba Mwislamu haleti maswali kuhusu nguruwe, na katika ua ule hakuna anayemchoma. Kampala nyama ya nguruwe ni burudani ya Ijumaa jioni, vibanda vyake vimejaa kila mtaa, na amewahi kuhama nyumba iliyopakana na kimoja kwa sababu moshi uliingia hadi kwenye nguo zake.

Jumanne: jikoni

Asubuhi aliniamsha na chai ya rangi. Nikauliza maziwa yako wapi, naye akanifungulia kabati la jikoni lake kama mtu anayeonyesha nyumba. Sufuria zenye alama ya rangi nyekundu kwenye mpini ni za nyama. Zenye buluu ni za maziwa. Zisizo na rangi ni za vitu visivyo upande wowote: matoke, maharage, mchele, mboga, samaki. Mabeseni ya kuoshea ni mawili. Nyama na maziwa havipikwi pamoja wala haviliwi kwenye mlo mmoja.

Ila sufuria nyekundu zilikuwa na vumbi. Nyama halali kwa Wayahudi, kosha, inatoka kwa mchinjaji aliyefunzwa, na wachinjaji hao wako upande wa Mbale. Kwa hiyo Kampala yeye huishi kwa mboga, mayai na samaki. Samaki awe na mapezi na magamba: ngege anakula, sangara anakula, kambare hali. Mama anayemuuzia samaki sokoni ameshalijua hilo na humtengea ngege kila Alhamisi. Nilimuuliza kuhusu nsenene, wale panzi wa Novemba ambao Waganda hukesha wakiwasubiri. Kitabu cha Walawi, sura ya 11, kinaruhusu aina fulani za nzige na panzi. Yeye hali, kwa sababu kwao hakuna mzee aliyempokeza kujua ni aina ipi, na kaka yake anakula akisema Mungu alimwumba nsenene akijua Waganda watakuwepo. Wamebishana juu ya hilo tangu utotoni na hawajamaliza.

Mchana nilimfuata kazini. Alikuwa anakula kikomando, chapati iliyokatwakatwa juu ya maharage, kwenye kibanda anachokiamini: kijana wake anatumia mafuta ya mimea tu na hakaangi soseji. Sahani shilingi 3,000. Wenzake wa kazini walikuwa wanakula nyama ya mbuzi, wakazungumza naye bila hata kuangalia sahani yake. Hilo lilinigusa. Miaka mitatu mfululizo ya kukataa kwa upole imewazoeza.

Jumatano: Jumamosi inagharimu nini

Siku hii nimeiandika kwa kirefu kwenye daftari, kwa sababu mwenyeji wangu alikuwa na usaili.

Kampuni kubwa kuliko ya sasa, mshahara karibu mara moja na nusu. Alivaa gauni la buluu, nikampigia pasi kitambaa cha kichwa kwa chuma cha mkaa maana umeme wa Yaka, ule wa kulipia kabla, ulikuwa umekwisha. Aliporudi saa kumi alikaa kwenye ngazi za nje kabla hajaingia. Walimpenda, walimuuliza mambo ya kodi akajibu yote, kisha wakafika kwenye saa za kazi: Jumatatu hadi Ijumaa, na Jumamosi hadi saa saba mchana.

Aliwaeleza. Kuanzia Ijumaa jua linapozama hadi Jumamosi usiku hafanyi kazi, hashiki pesa, hawashi moto, hasafiri. Akawaambia atakuja Jumapili, na kwamba hata sasa Jumapili ndiye anayefungua duka na kufunga hesabu za wiki. Wakasema watafikiria.

Nilimuuliza kama haoni kwamba ingekuwa rahisi kunyamaza kwanza, aingie, halafu aombe. Alinijibu hapana, na akanipa sababu ambayo nimeitafakari tangu siku hiyo. Alisema mtu anayeingia kazini akiwa ameificha Sabato, kila Ijumaa itabidi aombe upya. Anayeitaja siku ya kwanza anaitaja mara moja.

Si jambo geni kwake. Chuoni mtihani wake mmoja uliwekwa Jumamosi. Alikwenda ofisi hadi ofisi na barua, hakuna aliyeibadilisha, akaurudia mwaka uliofuata na kulipa ada ya somo tena. Uganda jambo hili limefika hadi mahakamani: wanafunzi Waadventista Wasabato walikishtaki Chuo Kikuu cha Makerere kwa kuweka masomo na mitihani Jumamosi, kesi ikapanda hadi Mahakama ya Juu, wakashindwa. Mwenyeji wangu anaifahamu hukumu ile vizuri kuliko watu wengi wa sheria. Maoni yake ni kwamba Wasabato ni wengi na walishindwa, basi Wayahudi ambao ni elfu mbili au zaidi kidogo nchi nzima hawawezi kutegemea mahakama. Wanamtegemea meneja mmoja mmoja, mwenye moyo au asiye nao. Na hilo, alisema, si haki. Mimi nasema naye. Nchi inayofunga ofisi Jumapili kwa ajili ya Wakristo na kumwachia Mwislamu saa yake ya Ijumaa inaweza kumpatia msichana mmoja wa mahesabu nafasi ya kufanya kazi Jumapili badala ya Jumamosi.

Usiku walikuja vijana wenzake wawili, mwanafunzi wa uuguzi na fundi wa kompyuta, wote Wayahudi kutoka vijiji vya mashariki. Wiki ambazo hawaendi nyumbani hukutana kwenye chumba cha mmoja wao Ijumaa jioni, kila mtu akiwa ameleta chungu chake. Mazungumzo yalikwenda kwenye ndoa. Mwenyeji wangu anataka kuolewa na Myahudi, na hasemi kwa aibu. Fundi wa kompyuta alisema mjini wako wachache mno, wengi ni binamu au wamekua pamoja kama ndugu, na kwamba mapenzi hayaulizi dini. Akamjibu kwamba mapenzi hayaulizi, lakini jiko linauliza kila siku: nani ataosha sufuria zipi, watoto watakwenda wapi Ijumaa. Hawakukubaliana. Waliagana saa tano wakicheka.

Alhamisi

Mvua siku nzima. Tulinunua unga, mayai, ngege na tiketi.

Ijumaa: kushindana na jua

Mkate wa Sabato, hala, aliuoka saa kumi alfajiri. Unga uliosukwa nyuzi tatu kama nywele, ndani ya sufuria, mkaa chini na mkaa juu ya kifuniko. Namna ileile bibi yangu anavyooka mkate wa kumimina Kisauni. Nilisimama pale nikinusa na kujiona niko kwetu.

Basi la Mbale lilikuwa shilingi 30,000, na husubiri lijae. Tulifika kituoni saa moja asubuhi, tukaondoka saa nne. Ushauri kwa atakayekwenda kuifuata Sabato: panda Alhamisi. Umbali kwa njia ya Iganga na Tirinyi hauzidi kilomita 250, ila ni barabara ya malori, na Kampala hadi Mukono peke yake inaweza kula saa nzima na ushee.

Kupita Namutumba basi likatoa mlio mzito, likasogea pembeni. Gia. Ilikuwa saa tisa na nusu, mvua inanyesha, na fundi anatoka Iganga. Mwenyeji wangu aliangalia saa, akaangalia mashariki ambako Mbale ipo, akaniambia kwa utulivu utaratibu wake: huku karibu na ikweta jua huzama karibu saa ileile mwaka mzima, kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja jioni. Mishumaa huwashwa dakika 18 kabla. Likizama yeye akiwa njiani, hatasafiri tena. Atashuka, atatembea hadi nyumba iliyo karibu, atalala huko hadi kesho usiku. Namutumba kuna Wayahudi pia, na mara moja waliwahi kumpokea hivyo hivyo, na hala mkononi.

Tulisimama barabarani tukipunga mkono kwa kila gari. Aliyesimama ni mfanyabiashara wa mpunga mwenye pikapu iliyojaa magunia. Mwenyeji wangu akamwambia ukweli: "Ssebo (bwana), mimi ni Myahudi, Sabato inaingia." Yule bwana akamshusha turnboi wake kutoka kiti cha mbele ampishe, kijana akapanda juu ya magunia na turubali bila kunung'unika. Njia nzima alituuliza maswali kuhusu Musa. Mnara wa saa wa Mbale tuliufikia saa kumi na mbili kasoro dakika kumi. Hakutaka pesa. Alitaka tumwombee mama yake mgonjwa, na mwenyeji wangu akauliza jina la mama huyo, akaliandika kwenye kiganja kwa kalamu.

Pale kituo cha boda kijana mmoja mwenye kofia ya Kiislamu alituona tukikimbia akawasha pikipiki kabla hatujasema lolote. "Nabugoye, Ijumaa, najua." Shilingi 4,000 kila mtu. Tulipofika mguuni mwa kilima, udongo mwekundu umekuwa uji, alisimama akasema: "Lipeni sasa hivi hapa, juu kule jua litakuwa limeshuka na dada hatashika pesa." Mwislamu huyu wa Mbale anaijua sheria ya Sabato kwa dakika zake.

Tuliwasha mishumaa nyumbani kwa mama yake mwanga ungali juu ya ukingo wa mlima wa Wanale.

Jumamosi: Nabugoye

Sina picha ya siku hii, na wewe usipige ukienda. Simu inazimwa Ijumaa na kubaki begini hadi nyota zitoke. Haya nimeyaandika Jumamosi usiku kwa taa.

Sinagogi la sasa lilifunguliwa mwaka 2016, jengo kubwa la matofali juu ya kilima, lenye walinzi langoni. Hapa wanaume na wanawake wanakaa pamoja. Kuna jamii nyingine za Kiyahudi huku mashariki, za Kiothodoksi, tawi linaloshika desturi za kale kwa ukali zaidi, ambako wanakaa mbalimbali. Sala ni Kiebrania na Kiganda, na zaburi zinaimbwa kwa sauti za huku, wanawake wakijibu kwa nguvu. Mwenyeji wangu aliitwa mbele kusoma Torati. Msichana niliyemwona Jumatano amekaa kwenye ngazi akivua viatu vya usaili alisimama mbele ya watu mia na zaidi, akasoma herufi zisizo na irabu bila kukwama, na wazee wakaitikia.

Baada ya chakula (wali, maharage na matoke vilivyoachwa juu ya makaa tangu jana) tulikwenda kwa miguu kumwamkia bibi yake, Jjajja. Nilimpigia magoti kama nilivyomwona mjukuu akifanya. Aliposikia ninatoka Kenya alinijibu kwa Kiswahili.

Yeye ndiye aliyenipa historia, na sehemu nyingine mwenyeji wangu aliniongezea. Semei Kakungulu alikuwa jemadari Mganda aliyewatekea Waingereza nchi hizi za mashariki. Mji wa Mbale wenyewe ni kazi yake, na mivule iliyopandwa barabarani. Alitarajia ufalme, wakampunguzia madaraka. Akaisoma Biblia mwenyewe, akaanza kufuata sheria za Musa, na mwaka 1919 alijitahiri na kuwatahiri wanawe kwa amri ya Torati. Alipoambiwa kwamba hayo ni mambo ya Wayahudi, alisema basi yeye na watu wake ni Wayahudi. Alifariki 1928. Waliomfuata ndio Abayudaya, Wayahudi wa Uganda.

Mwenyeji wangu anataka jambo hili lieleweke, na alilirudia mara nyingi: hawadai kuwa kabila lililopotea. Hawadai damu ya Ibrahimu. Babu wa bibi yake alichagua, na kila kizazi kimechagua tena. Mwaka 2002 marabi, walimu wa dini, wa tawi la Kihafidhina la Uyahudi walikuja, na mamia ya watu wakaingia rasmi kwa kuzamishwa majini. Rabi Gershom Sizomu, kiongozi wao wa dini, alisomea Los Angeles akawekwa rasmi 2008, na 2016 akachaguliwa mbunge wa Bungokho Kaskazini. Bado wizara ya mambo ya ndani ya Israel imekuwa ikikataa kuwahesabu Wayahudi kwa sheria ya kuhamia huko. Nilimuuliza kama inamuuma. Inamuuma, alisema, kwa sababu mtu aliyeko ofisini mbali hajawahi kumwona akikataa mshahara kwa ajili ya Jumamosi. Lakini hapangi kuhamia. Na pale vita vinapotokea huko, wenzake wa Kampala wakamgeukia wakitaka ajibu kwa niaba ya serikali ya Israel, huwaambia kwamba kura yake anaipiga Uganda na kwamba waliokufa anawalilia wote.

Jjajja akasimulia miaka ya Idi Amin. Kuanzia 1971 dini yao ilipigwa marufuku. Jamii iliyokuwa na watu wapatao 3,000 ikabaki na mamia machache. Wengine walibatizwa, wengine wakasilimu, wapate kuishi. Waliobaki walisali vyumbani, mtoto mmoja akiwekwa njiani kuangalia nani anakuja. Kisha tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ikatekwa na jeshi la Tanzania na wapiganaji wa Uganda waliokuwa pamoja nalo. Jioni hiyohiyo ilikuwa mkesha wa Pasaka ya Kiyahudi, usiku wa kukumbuka kutoka Misri. Jjajja anasema hawakuhitaji kuelezwa na mtu. Wiki chache baadaye wanajeshi wa Kitanzania walifika Mbale, na mmoja wao aliingia uani kwake akasema, "Shikamoo mama, naomba maji." Katika miaka yote ya Amin, Kiswahili alikisikia kwa askari waliokuja kupora. Huyu alikunywa, akarudisha kikombe, akashukuru.

Nilibaki kimya muda mrefu. Vita vile tumevisoma shuleni kwa majina ya majenerali.

Nyota tatu zilipotoka tukafanya sala ya kuiaga Sabato: mshumaa uliosukwa, kikombe cha maji ya zabibu, na manukato ya kunusa. Karafuu za mama yangu ndizo zilizopita mkono kwa mkono, watoto wakizinusa na kupiga chafya.

Kisha simu zikawashwa. Ujumbe wa kampuni ulikuwa umeingia tangu asubuhi. Wanamtaka, ila kazi ni pamoja na Jumamosi.

Jumapili: Mbale

Alijibu kabla ya chai. Sentensi tatu za heshima, hapana. Mama yake alisoma, akamrudishia simu, akaenda kukoroga uji. Nilitaka kumfariji lakini hakuwa na sura ya kufarijiwa. Alikuwa amekasirika, na alikuwa na haki. Alisema atatafuta tena, na safari hii ataandika Jumapili kwenye barua yenyewe ya maombi: ninapatikana siku ambayo wenzangu wote wanapumzika.

Tulikwenda Gangama kwenye kaburi la Kakungulu, mwendo mfupi kwa boda. Tukashuka mjini kula malewa, machipukizi ya mianzi yaliyokaushwa kwa moshi na kupikwa kwa karanga, shilingi 8,000 na matoke. Usiondoke Mbale bila kuyala. Nilinunua kahawa ya Bugisu na kofia mbili ndogo za kufuma ambazo kina mama wa Nabugoye huwauzia wageni. Kahawa ya huku ina habari yake: mwaka 2004 J.J. Keki, Myahudi wa hapa, alianzisha ushirika uliowaunganisha wakulima Wayahudi, Waislamu na Wakristo. Mjomba wa mwenyeji wangu ana mibuni miteremkoni na alinionyesha jinsi shamba lake linavyopakana na la Mwislamu, mfereji wa maji wakiwa wameuchimba pamoja.

Tuliagana jioni. Yeye alipanda basi la usiku akafungue duka Jumatatu.

Jumatatu: kurudi

Mbale hadi Malaba kupitia Tororo kwa taksi, 15,000. Malaba hadi Eldoret kwa shatoli, shilingi 900 za Kenya, na Eldoret hadi Nairobi 1,500. Kwenda na kurudi, na chakula, na zawadi, sikuvuka elfu kumi na nne za Kenya, malazi nilipewa.

Safari hii Uasin Gishu niliiona mchana: mashamba ya ngano na mahindi hadi mbali. Ndiyo ardhi iliyolengwa na pendekezo ambalo Waingereza, kupitia waziri wao wa makoloni Joseph Chamberlain, walimpa mwaka 1903 Theodor Herzl, kiongozi wa Wazayuni waliokuwa wakiwatafutia Wayahudi taifa lao, iwe makao ya Wayahudi wa Ulaya. Watu huiita mpango wa Uganda, ingawa ardhi yenyewe iko Kenya. Kongamano la Wazayuni liliukataa 1905. Nilimwandikia mwenyeji wangu nikiwa dirishani, nikamuuliza anaonaje. Akajibu wakati wa chakula cha mchana: "Hao walikuwa wapewe na Mwingereza, wakakataa. Kakungulu alimwacha Mwingereza ndipo akawa Myahudi. Na watu wa Eldoret, je, kuna aliyewauliza?"

Hakuna aliyewauliza.

Nimemtumia maandishi haya kabla ya kuyaweka hapa. Amesahihisha bei ya kikomando na kuniomba niongeze maneno kwa wageni: Nabugoye mnakaribishwa, mwandike mapema kwa sababu ya ulinzi wa lango, mje na nguo za heshima, na mkitaka kuuliza maswali njooni na muda wa kukaa chini mle. Juzi ameitwa usaili mwingine. Barua ya maombi ilikuwa na ile sentensi ya Jumapili.